Rangi ya Kucha ya Fundi Elieza

"Hii ya chungwa inakauka upesi, au mpaka mtu aipulize?"

Mwenye meza ya vipodozi pale soko la Majengo alinyanyua macho. Swali hilo alizoea kuulizwa na wanawake. Aliyeuliza leo alikuwa mwanamume mzima, mrefu, shati la drafti limefungwa hadi kifungo cha juu, bisibisi mbili zimechomekwa mfukoni kama kalamu za mwalimu mkuu. Ameinamia vichupa vya rangi ya kucha, anavigeuzageuza juani, na haya hana.

"Kaka," ilisema sauti ya kike pembeni yake, "mkeo ni mweusi au maji ya kunde? Nikusaidie kuchagua, maana naona unahangaika."

Elieza akageuka. Msichana aliyesema alivaa suti ya samawati ya kiofisi, na viatu vya kisigino vilivyopigwa vumbi la Dodoma mpaka rangi yao ya dukani ikawa siri. Mkononi alishika kikapu cha mchicha na nyanya. Macho yake yalianza kucheka kabla ya mdomo.

"Sina mke," alijibu Elieza.

"Basi mchumba."

"Sina pia. Hii ni ya kazini."

"Kazini! Unafanya kazi saluni?"

Watu wawili watatu wakacheka. Elieza hakuchukia. Alifungua mkoba wake, akatoa redio ndogo, akaigeuza mgongo. Kwenye kila skrubu palikuwa na tone dogo la rangi nyekundu, limekauka likang'aa.

"Mimi fundi redio, Chang'ombe. Nikimaliza kazi, kila skrubu naitilia tone. Mtu mwingine akiifungua, tone linapasuka. Kesho akija kunilaumu kwamba nimemharibia redio, tunaangalia matone kwanza."

"Kumbe una wivu na redio za watu!"

"Si wivu, dada. Ni ushahidi."

Kulibaki kichupa kimoja tu cha nyekundu iliyoiva, ile inayokaribia weusi. Mikono yao ilikifikia pamoja. Elieza akauondoa wa kwake.

"Chukua. Kucha zako zina haki kuliko skrubu zangu. Mimi nitakwenda na hii ya chungwa."

Msichana alikichukua, akakitia kikapuni, akapiga hatua mbili, akasimama. "Fundi, vinanda unatengeneza?"

"Vya namna gani?"

"Cha umeme. Kikubwa, kina vibonyezo themanini na nane. Kinaumwa ugonjwa wa ajabu. Vibonyezo vingine vimekufa na vingine vizima, na hakuna anayejua kwa nini."

Fundi mwingine angesema hiyo kazi ndogo. Elieza alikuna kidevu. "Sijawahi kufungua kinanda hata kimoja maishani mwangu. Ndiyo maana nataka kukiona."

Msichana alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Jina lake lilikuwa Ritha. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, na ndiye mpiga kinanda wa kwaya ya kanisani kwao. Alimwelekeza nyumba.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Maduka yalikuwa yamefurika redio za kila sura kutoka kila nchi, na mafundi walikuwa wengi kuliko vifaa. Elieza alikuwa na sababu ya kupenda matone yake. Miaka mitatu nyuma alitengeneza redio ya mzee mmoja wa Chamwino, ikaimba vizuri. Fundi mwingine akaifungua kwa siri, akaiunguza, na lawama zote zikamshukia Elieza. Mji mzima uliambiwa kwamba kijana yule ni muuaji wa redio. Tangu hapo akajiwekea sharti: kazi iliyoshikwa na fundi mwingine, yeye haigusi. Alilishika sharti hilo kama amri ya kumi na moja.

Kinanda chenyewe kilikaa sebuleni kwa kina Ritha, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Marehemu baba yake alikipata kwa Mzungu mmoja wa mradi wa maji aliyekuwa akirudi kwao, na akakileta nyumbani juu ya mkokoteni wa punda huku watoto wa mtaa wakishangilia nyuma. Mama yake Ritha, mama Dorothea, alikuwa amekaa kitini anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayepaka kucha?"

Ritha akazuga kukohoa. Elieza akawasha kinanda, akamwomba Ritha abonyeze kimoja kimoja kuanzia kushoto.

"Umeona?" alisema Ritha. "So hii imekufa. So inayofuata nzima. Halafu inayofuata tena imekufa. Na ti vivyo hivyo. Na huyu mweusi hapa kati ya re na mi, vivyo hivyo. Kama kina maruhani."

"Maruhani hayajui kuhesabu," alisema Elieza. "Mama, niazime maharage kidogo."

Kila kibonyezo kilichokufa alikiwekea punje moja. Walipofika mwisho wa kulia, punje zilikuwa kumi na moja. Elieza akarudi nyuma, akazitazama. Kisha akaanza kuhesabu vibonyezo vilivyo kati ya punje na punje, na sauti yake ikawa inapanda.

"Saba! Hapa saba. Hapa tena saba. Ritha, njoo uone! Saba wazima, wa nane kafa. Saba wazima, wa nane kafa. Kote!"

Alikuwa amesahau kumwita dada. Ritha naye alisahau kuliona hilo. Walikuwa wameinama pamoja juu ya maharage yale, vichwa vikikaribia kugongana, na Elieza alisikia harufu ya mafuta ya nazi kwenye nywele zake, akapoteza hesabu, akaanza upya.

"Maana yake nini?" aliuliza Ritha.

"Wewe unakipanga kwa do re mi. Chenyewe kimejipanga kwa nane nane. Humu ndani pana utepe wa nyaya, na kila waya unalisha familia yake ya vibonyezo. Waya mmoja umekatika. Kumi na moja hawa ni familia moja, wamekosa chakula."

"Masikini," alisema mama Dorothea. "Nirudishieni maharage yangu."

Elieza alikuja mara ya pili na mita ya kupimia umeme, mkoba wa lehemu na chungu nzima ya udadisi. Skrubu zilikuwa kumi na nne. Ritha alikaa karibu yake mkekani muda wote, akiuliza hiki nini, na kile kazi yake nini, na mbona huu mdogo una miguu mingi. Elieza hakuwahi kuulizwa hivyo na mtu. Wateja wake wote waliuliza jambo moja tu: itakuwa tayari lini? Alimwonyesha kibano kidogo cha plastiki kinachoshika utepe wa nyaya, jinsi kinavyonyanyuliwa pande zote mbili ndipo utepe utoke. Alimwonyesha mahali lehemu ilipopasuka, ufa mwembamba usiozidi unywele.

"Kitu kidogo namna hii?"

"Mambo makubwa huzimwa na kitu kidogo namna hii."

Alilehemu, akafunga, akatia matone kumi na manne ya chungwa. Ritha akaketi, akapiga wimbo wa kwaya yao mwanzo hadi mwisho. Mama Dorothea alifuta macho kwa ncha ya kanga, maana tangu mumewe afariki hakuwa amekisikia kikiimba chote.

"Sasa sikilizeni," alisema Elieza mlangoni. "Asikifungue mtu. Akikifungua fundi mwingine, mimi sirudi."

"Na kisipoharibika, hutarudi?" aliuliza Ritha.

Elieza akagonga kichwa kwenye kizingiti akitoka.

Alirudi bila ugonjwa wa kinanda. Alirudi Jumapili, akarudi Jumatano. Siku nyingine walikwenda mpaka kwenye mashamba ya zabibu nje ya mji, Ritha amevaa gauni la kitenge lenye maua ya manjano na upepo unamsumbua kulishika, Elieza kabeba viatu vyake. Kibanda cha Elieza kilipakana na duka la Hamida, mwanamke wa Kondoa aliyeuza mafuta ya alizeti na kanga, na mwenye simu pekee kwenye kichochoro kile. Kila saa nne asubuhi, ofisini kwa kina Ritha wakinywa chai, simu ya Hamida ililia.

"Haloo, naomba fundi Elieza."

"Nani mwenzangu?"

"Mwambie ni familia ya nane."

Hamida angeweka mkono kwenye simu na kupaza sauti mtaa mzima usikie. "Elieza! Mgonjwa wako! Njoo upesi, anapumua kwa shida!"

"Umeamkaje, mpenzi?" angesema Ritha.

"Nimeamka na redio sita na sijui hata moja inaumwa nini. Nafikiria kucha zako."

"Za mkono au za mguu?"

"Zote ishirini."

Hamida angejifanya anapanga kanga.

Mambo yalikuwa yamefika hapo, tamu, wakati kwaya ilipotangaza sherehe yake ya miaka ishirini na mitano. Ritha alitakiwa apige kinanda mbele ya wageni kutoka parokia zote, na hapakuwa na mwingine wa kushika nafasi yake. Jumatano, siku nne kabla ya sherehe, simu ililia mapema kuliko kawaida.

"Elieza, kinanda kimeharibika tena." Sauti yake haikuwa na mzaha. "Nusu nzima ya kulia haisemi. Njoo jioni."

Alikwenda, na njia nzima kichwa chake kilikuwa kinahesabu. Wa nane kafa, hilo analijua. Nusu nzima ilikuwa habari mpya, na lehemu yake aliiamini. Alikigeuza kinanda taratibu, na papo hapo akaona. Matone yalikuwa yamepasuka. Akatazama moja baada ya jingine. Yote kumi na manne.

Aliiona upya ile redio ya Chamwino, akawasikia upya watu wakimcheka.

"Nani amekifungua?"

Ritha alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ameificha mgongoni. "Elieza, nilitaka kukwambia..."

"Nimeuliza nani. Fundi gani?"

Namna alivyolisema neno fundi, lilikuwa na mwanamume ndani yake. Ritha alilisikia, na uso wake ukafunga.

"Hakuna fundi mwingine aliyeingia humu ndani."

"Matone yamepasuka, Ritha. Skrubu haisemi uongo."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayesema?"

Elieza alichomoa bisibisi mfukoni. Alifungua skrubu haraka haraka, akanyanyua mfuniko. Utepe wa nyaya ulikuwa umekaa upande, kibano hakijafungwa sawasawa. Pembeni yake, katika mwanga hafifu wa jioni, palikuwa na kipande kidogo cha rangi, kigumu, cha kuokotwa kwa ncha ya kidole. Akakitia kwenye kiberiti kitupu alichowekea skrubu za akiba. Ushahidi huu, aliwaza. Tone langu, walivyolivunja.

"Kazi iliyoshikwa na fundi mwingine siigusi," alisema, akirudisha mfuniko. "Ulijua tangu siku ya kwanza."

"Nilijua. Ndiyo maana niliogopa." Ritha alikwenda mpaka mlangoni, akaufungua. "Ila sikujua kwamba mimi nawe ni kazi. Nenda, fundi."

Hasira hasara, na Elieza alianza kuilipa kesho yake saa nne asubuhi, simu ya Hamida ilipokaa kimya. Ijumaa ilikaa kimya pia. Alichoma kidole kwa lehemu mara mbili. Alimrudishia mteja redio yenye kifuniko cha redio nyingine.

"Umemfanya nini binti wa watu?" aliuliza Hamida.

"Alimwita fundi mwingine, kisha akakataa."

"Wewe ulimwona huyo fundi?"

"Niliona matone."

"Ehee. Mwanaume mzima unaamini matone kuliko ulimi wa mpenzi wako." Hamida alikunja kanga kwa kishindo. "Kwetu Kondoa mtu akipotelewa na mbuzi, huenda kutazama nyayo kabla ya kumtaja mwizi. Umetazama nyayo?"

Elieza akarudi kibandani kwake. Jumamosi mchana alihitaji skrubu ndogo, akafungua kile kiberiti, akamimina vilivyomo kwenye karatasi nyeupe. Kile kipande cha rangi kikaanguka katikati.

Alikitazama. Akakisogeza kwenye mwanga wa mlango.

Kilikuwa chekundu.

Akachukua kichupa chake cha rangi mezani, akakiweka kando ya kile kipande. Chungwa, na nyekundu iliyoiva, ile inayokaribia weusi. Katika kinanda kile hakutia hata tone moja la nyekundu. Nyekundu ya mwisho aliiacha mwenyewe sokoni Majengo, ikaingia kwenye kikapu cha mchicha. Akakigeuza kile kipande kwa ncha ya bisibisi. Kilikuwa kimepinda kidogo, mgongo juu, kwa sababu kilitoka juu ya kitu kilichopinda.

Akaikumbuka mikono iliyofichwa mgongoni. Akamkumbuka Ritha mkekani, akiuliza kibano hiki kinafunguliwaje, naye akimwonyesha: nyanyua pande zote mbili, kwa kucha.

"Hamida!" alipiga kelele. "Ni yeye! Alikifungua yeye mwenyewe!"

"Nani?"

"Ritha! Hakuna fundi! Alitaka kuona tu ndani!" Alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, maana aliona pia ukubwa wa kosa lake. Msichana alimwambia ukweli, hakuna fundi mwingine, na yeye akasadiki plastiki na rangi.

"Sasa unanieleza mimi kwa nini?" alisema Hamida. "Mimi ndiye Ritha?"

Elieza alikwenda mbio, akapita barabarani bila kofia, vumbi likamvaa mpaka kwenye kope. Hakuwa na maneno aliyoyapanga. Aliogopa kwamba amechelewa, kwamba mlango ule ukifungwa mara ya pili hautafunguka.

Mama Dorothea alikuwa barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alimpima tangu kichwani mpaka viatuni, akaelekeza kidole ndani. "Tangu jana hajala. Na kisu changu cha jikoni amekichukua."

Ritha alikuwa ameketi mkekani kwa kanga mbili, nywele amezifunga kwa kitambaa, kinanda kimefunguliwa mbele yake. Skrubu kumi na nne zilipangwa kwenye trei ya mayai, kila moja kwenye shimo lake. Mkononi alikuwa na kisu cha jikoni alichokigeuza bisibisi. Hakugeuka.

"Fundi hayupo hapa," alisema. "Nimemtafuta uvunguni pia."

Elieza alipiga magoti ng'ambo ya mkeka, akafungua kiganja. Kile kipande chekundu kilikuwa pale, kimeshikana na jasho.

"Nimekurudishia kucha yako."

Ritha alikitazama. Akavitazama vidole vyake, kidole cha shahada cha kulia ambacho rangi yake ilikuwa imebanduka pembeni.

"Nilitaka kujua," alisema. "Tangu siku ile uliyonionyesha, nilikuwa naona zile nyaya hata nikifumba macho. Nikasema nifungue tu nitazame, nifunge. Nikaunyanyua ule utepe ulivyonionyesha. Kuurudisha ndiko kukanishinda. Kisha nikayaona matone yako yamepasuka, nikakumbuka ulisema hutarudi. Nilikuita ili nikiri, Elieza. Wewe ukaniuliza fundi gani, kana kwamba unaniuliza bwana gani."

"Nilikosea. Nisamehe." Alisema bila kuzunguka. "Niliharibiwa jina mara moja, nikamfanya kila mtu mwizi wa skrubu zangu. Hata wewe. Nimekuwa mjinga, na nakupenda, na siku tatu hizi sijui nimekula nini."

"Hata mimi sijala."

"Mama ameniambia."

"Mama naye!" Lakini alikuwa ameanza kucheka, na kilio kikachanganyika humo humo. Akajifuta kwa upande wa mkono. "Kesho asubuhi nina wageni wa parokia zote. Kitengeneze basi, ndipo nikusamehe vizuri."

Elieza alikaa juu ya mikono yake. "Sikigusi."

"Elieza!"

"Sikigusi, kwa sababu kimeshikwa na fundi mwingine, na fundi mwenyewe yupo hapa. Utatengeneza wewe. Mimi nitasema tu. Kwanza weka kisu cha mama chini." Alichomoa bisibisi moja mfukoni, ile ndogo yenye mpini wa njano, akamkabidhi. "Nyanyua kibano. Pande zote mbili. Hivyo. Sasa utepe uingie ukiwa umenyooka, usiulazimishe. Umefika mwisho?"

"Sijui."

"Ukifika, mkono wenyewe utajua."

Ritha alisukuma taratibu, ulimi ameubana kwenye kona ya mdomo. Kisha akatulia. "Umefika," alinong'ona, na macho yake yalikuwa yameshangaa.

"Funga kibano. Washa."

Alibonyeza kutoka kushoto kwenda kulia, kimoja kimoja, na kila kimoja kikaitika: so na so yake, ti na ti yake, mpaka wa themanini na nane. Nje barazani mama Dorothea akapiga kigelegele kimoja, kifupi, kisha akajifanya anakohoa.

Walifunga mfuniko pamoja, Elieza akitoa skrubu kwenye trei na Ritha akizikaza. Ya kumi na nne ilipokaa, Ritha alinyoosha kiganja.

"Lete rangi yako ya chungwa, utie matone."

"Nimeiacha kibandani. Na ningekuwa nayo nisingetia. Hiki mwenyewe atakifungua siku yoyote akitaka kuona ndani."

Ritha alikuwa anaigeuzageuza ile bisibisi ya mpini wa njano. "Na hii nikurudishie?"

"Kaa nayo. Nimekupa."

"Wenzako huleta pete."

"Pete inakuja na wazee," alisema Elieza. "Nina baba yangu mdogo na shangazi Chamwino. Wakija Jumamosi ijayo kuzungumza na mama, watafunguliwa mlango?"

Ritha aliichomeka bisibisi kwenye kitambaa cha kichwa, juu ya sikio, kama fundi wa siku nyingi. Akavuta kiti, akaketi mbele ya kinanda, akaweka vidole vyake kumi juu ya vibonyezo, tisa vimepakwa vizuri na kimoja kimebanduka.

"Waambie waje mapema," alisema. "Mama hapendi kuchelewesha maharage."